Maswali ya Wasomaji: Boila Kubwa Haiponyi Bomba Jembamba

SWALI: Ndugu Mhandisi, salaam. Nyumba yetu iko mashambani, katika nyanda za baridi. Babu aliijenga kwa mawe, ikiwa na vyumba vitatu vya kulala, jiko na bafu moja. Baba akaongeza ubavu wenye vyumba viwili na bafu, nami nimeongeza sebule na choo nyuma ya hapo. Boila ya mafuta (mtambo wa kupasha maji) na tangi la maji moto vimo katika chumba kidogo upande wa zamani, na mabomba yanayolisha upande mpya yaliungwa kwenye rediata (kipasha joto cha chumba kinachopitiwa na maji moto) ya mwisho ya upande wa zamani. Shida zetu ni hizi: rediata tano za upande mpya huishia kuwa vuguvugu tu wakati wa baridi, maji moto huchelewa mno kufika bafu la mwisho, mtu akifungua koki jikoni, anayeoga kule ama huungua ama hugandishwa, na choo kipya kinapomwaga maji, sinki la jirani hukoroma, kisha hutoa harufu. Fundi mmoja ameshauri ninunue boila yenye nguvu maradufu pamoja na pampu kubwa. Unasemaje? — *Mjukuu Mrithi*

JIBU: Ndugu Mjukuu Mrithi, fedha zako zikae mfukoni kwanza. Katika shida zote nne ulizozitaja, sioni hata moja inayothibitisha kwamba boila yako imeshindwa kazi. Ninachokiona ni kwamba maji ya nyumba hiyo, yawe ya moto, ya baridi au machafu, bado yanapita katika njia zilizopimwa kwa ajili ya nyumba ya babu. Ukifunga boila kubwa zaidi, itawaka na kuzimika kila baada ya dakika chache kwa kuwa joto lake halina pa kwenda, mafuta yatakwisha upesi, na rediata za mwisho zitabaki vuguvugu vilevile.

Tuanze na rediata, kwani hapo ndipo hesabu ilipo wazi. Maji hutoka kwenye boila yakiwa yamebeba joto, huliacha vyumbani, kisha hurudi yakiwa yamepoa kiasi, na mifumo mingi ya zamani ilipangwa ili tofauti kati ya maji yaendayo na yarudiyo iwe digrii 11 hivi. Kwa tofauti hiyo, bomba la shaba la milimita 15 hubeba takriban kilowati 6 bila taabu, na la milimita 22 hubeba takriban kilowati 13. Ukilazimisha zaidi ya hapo, mwendo wa maji unapita mita moja kwa sekunde, bomba linaanza kuvuma, na msuguano unameza nguvu za pampu. Sasa chukua rula ulipime bomba linalotoka kwenye rediata ile ya mwisho. Likiwa la milimita 15, kama ninavyoshuku, basi rediata tano za kilowati moja na nusu hadi mbili kila moja zinadai kilowati 7.5 hadi 10 kupitia njia ya kilowati 6, tena njia ambayo rediata za babu zimekwisha kunywa humo kabla. Pampu kubwa nayo haitakuokoa: kwa bomba lilelile, kuongeza mtiririko mara mbili hudai msukumo unaokaribia mara nne, kwa hiyo utanunua kelele nyingi na joto kidogo.

Hata hivyo usikubali neno langu bila kulijaribu, maana jaribio lenyewe halina gharama. Siku ya baridi, funga rediata zote za upande wa zamani isipokuwa zile ambazo maji hupitia ndani yake kwenda upande mpya, uache boila ifanye kazi kwa saa mbili. Rediata za upande mpya zikipata moto sawasawa, ujue kwamba maji yalikuwa yakipendelea njia fupi, na dawa yake ya awali ni kusawazisha: kila rediata ina vali mbili, na ile iliyofunikwa kifuniko kisichozungushwa kwa mkono ndiyo ya kazi hiyo, hubanwa kwa spana kwenye rediata zilizo karibu na boila na kuachwa wazi zaidi kwenye zilizo mbali. Zikibaki vuguvugu, zipapase moja moja kwa kiganja. Iliyo moto juu na baridi chini imejaa matope; iliyo baridi juu ina hewa. Fungua skrubu ya hewa, kinga maji kidogo kwenye glasi, na kama ni meusi pitisha sumaku ubavuni mwa glasi: chembe zikiifuata, hiyo ni kutu ya chuma kutoka ndani ya rediata zenyewe, na mfumo mzima unahitaji kuoshwa, kutiwa dawa ya kuzuia kutu na kufungiwa chujio la sumaku kwenye bomba la kurudi. Kazi hiyo ifanyike kabla kifaa chochote kipya hakijaunganishwa, kwa sababu matope ya zamani huua boila mpya haraka kuliko uzee.

Ukishajiridhisha kwamba bomba ndilo jembamba, ufumbuzi wa kudumu ni kutandaza mabomba mawili mapya, la kwenda na la kurudi, moja kwa moja kutoka chumba cha boila hadi upande mpya, yasiyopitia rediata yoyote ya zamani. Kwa mzigo wako, milimita 22 zitatosha. Lakini soma na jibu la barua inayofuata kabla hujanunua. Njia hiyo mpya iwe na vali yake ya umeme na themostati yake (kidhibiti joto), ili ubavu usio na wageni uweze kupunguziwa joto peke yake. Nasema kupunguziwa, si kuzimwa: maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi na kupasua bomba.

Swali la ukubwa wa boila huja baada ya hayo, nalo hujibiwa kwa kupima nyumba, wala si kwa kukisia. Chukua ukuta mmoja wa nje wenye mita za mraba 10. Ukiwa wa mawe manene yasiyo na kihami joto (tabaka la kuzuia joto lisitoroke), kila mita ya mraba hupoteza takriban wati 2 kwa kila digrii moja ya tofauti kati ya ndani na nje; nje kukiwa na digrii 0 na ndani 20, ukuta huo peke yake hupoteza wati 400. Ukuta wa ukubwa huohuo uliojengwa na kihami kizuri hupoteza kama wati 60. Dirisha la kioo kimoja lenye mita za mraba 2 hupoteza takriban wati 200, yaani zaidi ya mara tatu ya ukuta mzima wa kisasa. Jumlisha kuta, madirisha, dari, sakafu na hewa inayopenya, chumba baada ya chumba, nawe utapata kilowati ambazo nyumba inazihitaji kweli. Mara nyingi wenye nyumba za namna hii hugundua kwamba boila ya zamani inatosha na kubaki, hasa baada ya dari kuwekewa kihami cha kutosha, kazi ambayo kwa maoni yangu ingepaswa kutangulia kila kitu kinachouzwa kikiwa na waya wa umeme.

Maji moto yanayochelewa hayana siri. Bomba la milimita 22 hubeba karibu theluthi moja ya lita katika kila mita, kwa hiyo mita 24 kutoka tangini hadi bafuni zina takriban lita 8 za maji yaliyokwisha kupoa, ambayo lazima yamwagike kwanza. Kwa koki inayotoa lita 5 kwa dakika, hiyo ni zaidi ya dakika moja na nusu, na bomba lenyewe nalo linachukua sehemu yake ya joto. Njia moja ni kuongeza bomba la kurudisha maji tangini na pampu ndogo ya shaba yenye saa, ili maji yazunguke asubuhi na jioni. Mabomba yote mawili yavishwe sponji nene, vinginevyo utakuwa unapasha joto uvungu wa nyumba. Njia ya pili, ambayo mimi huipendelea panapokuwa na bafu moja tu la mbali, ni kuweka hita ndogo ya umeme hukohuko. Kwa vyovyote, usijaribu kuokoa mafuta kwa kushusha joto la tangi kuu: bakteria wa lejionela, wanaoshambulia mapafu, hustawi kati ya digrii 20 na 45, ndiyo maana maji huhifadhiwa kwenye digrii 60, kisha huchanganywa na ya baridi kwa vali maalumu karibu na bafu, kwa kuwa maji ya digrii 60 huunguza ngozi ndani ya sekunde chache.

Anayeoga huungua kwa sababu maji baridi ya bafu na ya jikoni yanatoka katika tawi moja jembamba. Jiko likifunguliwa, msukumo wa baridi huanguka na moto hutawala. Upande wa maji moto ukiwa ndio ulioshiriki tawi na jiko, hutokea kinyume chake. Lipe bafu lile bomba lake la maji baridi kutoka kwenye chanzo kilekile kinacholisha tangi la maji moto, ili misukumo miwili ilingane, na ufunge mikisa (koki inayochanganya maji moto na baridi) yenye themostati. Kama maji yako hushuka kwa uzito wake kutoka tangi la darini, kumbuka kwamba kila mita moja ya kimo hutoa bar 0.1 tu (bar ni kipimo cha presha), kwa hiyo tangi lililo mita 2 juu ya shawa halitoi zaidi ya bar 0.2, hata tangi lenyewe liwe kubwa namna gani.

Limebaki sinki linalokoroma. Maji ya choo yanaposhuka kwa wingi hufyonza hewa nyuma yake, na yasipoipata kwenye bomba la kupumulia huivuta kupitia sinki, yakinyonya na yale maji ya milimita 50 hadi 75 yanayokaa katika kona ya bomba chini ya sinki ili kuzuia harufu. Choo kipya kiliungwa bila bomba la hewa, au liliwekwa mbali mno. Liongezwe, lipande hadi juu ya paa mbali na madirisha. Wakati huohuo fundi aangalie mteremko wa bomba kuu la nje: kwa bomba la milimita 100, kipimo cha kawaida ni milimita 25 kwa kila mita, yaani sentimita 30 katika mita 12, na chemba iwepo kila bomba linapobadili mwelekeo. Tangi la maji taka nalo lilipimwa kwa vyumba vitatu vya kulala. Sasa vimekuwa vitano.

Mpangilio wa kazi uwe hivi: maji machafu na mabomba ya chini ya sakafu kwanza, ili sakafu ivunjwe mara moja tu, kisha mabomba mapya yapimwe kwa presha ya mara moja na nusu ya ile ya kazi yakiwa bado wazi, na yapigwe picha kabla hayajafunikwa.

SWALI: Mhandisi, boila yetu imezeeka kweli, na tunafikiria kuibadilisha kwa pampu ya joto inayovuta joto kutoka hewani. Nyumba ni ya zamani, imeongezwa ubavu mmoja. Rediata zilizopo zinaweza kubaki? — *Bi. Mkubwa wa Kilimani*

JIBU: Shikamoo, Bi. Mkubwa. Baadhi zitabaki na baadhi hazitatosha, na unaweza kuzitambua kabla hujalipa chochote. Pampu ya joto haitengenezi joto, bali hulihamisha kutoka nje kuja ndani. Katika mazingira mazuri kilowati moja ya umeme huleta takriban kilowati tatu za joto, lakini faida hiyo hupungua kadiri unavyoidai maji ya moto zaidi. Kwa hiyo huendeshwa kwa maji ya digrii 35 hadi 50, na si 70 au 80 yaliyozoeleka kwenye boila.

Hapo ndipo rediata zinapoulizwa swali. Uwezo unaoandikwa na mtengenezaji kwa kawaida hupimwa maji yakiwa na wastani wa digrii 50 zaidi ya chumba. Tofauti hiyo ikishuka hadi 30, rediata ileile hutoa nusu tu ya joto lake. Basi ama rediata iwe kubwa maradufu, ama chumba kipunguziwe upotevu wa joto kwa nusu. Rediata nyingi za zamani zilifungwa zikiwa kubwa kuliko mahitaji, hivyo huenda hali isiwe mbaya kama inavyosikika.

Jaribio ni hili: wakati wa baridi kali, shusha joto la maji ya boila hadi digrii 50, acha mfumo ufanye kazi mchana na usiku, na uandike joto la kila chumba. Vyumba vinavyobaki na joto la kutosha viko tayari. Visivyotosha ndivyo vya kubadilishiwa rediata, au kuzibiwa mianya ya madirisha na kuwekewa kihami darini. Shughuli hii ihusu rediata tu. Tangi la maji ya kuoga libaki kwenye digrii zake 60.

Jambo ambalo wauzaji hulipitia haraka ni mabomba. Pampu ya joto hufanya kazi vizuri tofauti ya maji yaendayo na yarudiyo ikiwa ndogo, kama digrii 5, maana yake ni kwamba kubeba kilowati zilezile kunahitaji maji zaidi ya mara mbili. Kilowati 10 zilizopita katika bomba la milimita 22 kwa mfumo wa boila zitahitaji la milimita 28. Ndiyo sababu nimemwomba Mjukuu Mrithi asome hapa: anayefungua sakafu mwaka huu kwa ajili ya boila na alaze mabomba ya 28, kwa kuwa tofauti ya bei ya bomba ni ndogo mno kuliko gharama ya kuvunja sakafu mara ya pili. Tangi la maji moto nalo huwa halifai, kwa kuwa koili (bomba lililojikunja linalopasha maji) ya ndani ya tangi la boila ni fupi. Ulizia tangi lililotengenezwa kwa ajili ya pampu ya joto.

SWALI: Tangu tubadilishiwe tangi la maji moto la lita 200, kuna bomba la nje linalotiririsha maji kila tangi linapopata moto. Kijana aliyekuja kutazama amesema atalifunga kwa kizibo ili maji yasipotee. Je, ni sahihi? — *Mama Watatu*

JIBU: Mama Watatu, mzuie, tena leo. Bomba hilo linatoka kwenye vali ya usalama, na tangi la presha lililozibwa vali ya usalama laweza kupasuka kwa nguvu ya kubomoa ukuta.

Chanzo cha mtiririko ni cha kawaida. Maji yakipashwa kutoka digrii 15 hadi 60 hutanuka, na katika lita 200 ongezeko hilo ni zaidi kidogo ya lita 3, ambazo lazima zipate pa kukaa. Pa kukaa ni kile chombo kidogo cha upanuzi kando ya tangi, chenye utando wa mpira ndani, maji upande mmoja na hewa upande wa pili. Hewa ikikwisha, maji hukosa nafasi na vali hulazimika kufunguka. Ondoa kifuniko cha kinywa cha kujazia hewa na ubonyeze sindano yake kwa haraka. Maji yakitoka, utando umepasuka na chombo kibadilishwe. Pasipotoka kitu, au ikitoka hewa dhaifu, fundi amwage presha ya maji kwanza, kisha akijaze hewa kwa kipimo kilichoandikwa juu yake; kukijaza maji yakiwa bado na presha hutoa kipimo cha uongo. Bomba likitiririka hata tangi likiwa baridi, basi ama vali yenyewe imeliwa na uchafu au chokaa, ama presha ya maji yanayoingia ni kubwa kupita kiasi.

SWALI: Mabomba yetu ni ya chuma yaliyopakwa zinki. Naweza kubadilisha vipande vilivyooza kwa shaba na kuacha vingine? — *Fundi wa Nyumbani*

JIBU: Inategemea maji yanaelekea wapi. Shaba ikiwa baada ya chuma, kwa mwelekeo wa maji, na viungo vya kutenganisha metali vikiwepo, unaweza kuvumilia. Shaba ikitangulia, maji hubeba chembe zake na kuziangusha ndani ya chuma, kisha zinki na chuma hutobolewa kutoka ndani. Kwa viraka, tumia plastiki iliyoidhinishwa kwa maji ya kunywa. Na ukikuta bomba la kijivu, laini, linalokwaruzika kwa kisu na kung'aa, hilo ni la risasi. Lisiwekewe kiraka, liondolewe lote, kwa kuwa sumu yake huingia katika maji na huwaathiri zaidi watoto.

SWALI: Tunalo jiko la kuni lenye tangi la maji mgongoni. Tungependa liungwe kwenye mfumo wa boila ambao umefungwa na una presha. Fundi anasema ni kazi ya siku moja. — *Mpenda Moto*

JIBU: Kuni haizimwi kwa swichi. Umeme ukikatika na pampu ikasimama, moto utaendelea kuchemsha maji yasiyotembea, na mfumo uliofungwa hauna pa kutolea mvuke. Kwa hiyo jiko la kuni hupewa mzunguko wake ulio wazi, wenye tangi dogo la kujazia juu na bomba la kupumulia lisilo na vali hata moja njiani, pamoja na rediata moja ambayo maji hupanda na kushuka yenyewe bila pampu ili kumeza joto la ziada. Kuunganisha na boila hufanyika kupitia koili ndani ya tangi la pamoja, maji ya pande mbili yasikutane. Mabomba kati ya jiko na tangi yawe ya chuma au shaba, milimita 28 au zaidi, yakipanda mfululizo bila bonde. Plastiki isitumike hapo kabisa. Chumbani pawe na tundu la hewa lisilozibika na kengele ya kutambua hewa yenye sumu ya kaboni monoksaidi. Haya hayatakamilika kwa siku moja, na anayeahidi hivyo mwombe kwanza akuchoree mzunguko wote kwenye karatasi, akuonyeshe maji yatapita wapi pampu ikizimika.